Nilivyoizima taa ya sevisi kwenye GS yangu, Lubumbashi

Pikipiki yangu ni BMW R 1200 GS ya 2008. Ilitumika Afrika Kusini kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, na ilinifikia neno «Service» likiwa limeganda kwenye dashibodi, huku pembetatu ya njano inawaka muda wote. Injini ilikuwa nzima. Kilichonikosesha raha ni pembetatu, maana kwenye GS za miaka ile ina kazi nyingi: balbu ikiungua ni hiyo hiyo inawaka, petroli ikikaribia kuisha ni hiyo hiyo. Ikishawaka kila siku kwa ajili ya sevisi, macho yanaizoea, na siku ikiwa na habari nzito hutashtuka.

Taa ya sevisi inachofanya ni kuhesabu. Kilomita 10,000 au mwaka mmoja, kitakachotangulia. Ukibakiza chini ya mwezi, tarehe inajitokeza kidogo unapofungua ufunguo kisha inaondoka. Ukiipitisha, neno linabaki pale. Haina namna ya kujua kwamba mafuta ni mapya, kwa hiyo unaweza kumwaga na kujaza upendavyo, taa itaendelea tu.

Fundi wangu wa Katuba, ambaye mikono yake naiamini sana, alisema, «Yaya, tulaze betri nje, asubuhi itakuwa imesahau.» Tuliitoa. Asubuhi neno lilikuwa pale pale, kwa sababu hesabu ile haifutiki umeme ukikatwa. Kijana mwingine wa garaji alipendekeza tubandike tepu nyeusi juu ya taa. Hapo nilikataa kabisa.

Tulianza na sevisi yenyewe, na kwangu hili halina mjadala: usifute taa kabla ya kazi. Mafuta ya injini lita 4 pamoja na filta mpya. Filta ya hewa ilikuwa na rangi ya tofali, vumbi la kiangazi cha huku mnalijua. Halafu vali, ambazo hupimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo tulizifungua alfajiri: nafasi ya milimita 0.15 kwa vali za kuingiza, 0.30 kwa za kutolea moshi. Upande wa kushoto, kibati cha kupimia nafasi, cha 0.30, kiligoma kupita. Fundi alilegeza nati, akazungusha skrubu kidogo sana, akakaza, akapima tena, hadi kibati kikapita kwa kukwaruza kidogo. Vali iliyobana hivyo haipigi kelele, inaungua kimya kimya. Kwa hiyo nilifurahi kwamba taa ilitulazimisha kufungua.

Kuifuta kunahitaji kifaa. Tulitumia GS-911, kinachotengenezwa huko huko Afrika Kusini. Ndugu mmoja anayefanya kazi migodini Kolwezi anacho, akapita nacho. Chini ya kiti kuna soketi ya duara ya pini 10 yenye kifuniko cheusi. Unachomeka, unaunganisha na laptopu, unafungua ufunguo bila kuwasha injini. Hakikisha betri ya pikipiki ina chaji ya kutosha. Kwenye programu unatafuta sehemu ya kikumbusho cha sevisi, unaandika tarehe na kilomita za sevisi ijayo. Mimi niliweka kilomita 8,000 mbele badala ya 10,000, kwa ajili ya vumbi na barabara zetu.

Nilifunga ufunguo, nikafungua tena, nikawasha. Neno halikurudi, na pembetatu ilizima. Taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia gurudumu kukwama) ilibaki inapepesa. Hiyo isikutishe, inazima yenyewe ukishaanza kutembea.

Mwenye GS ya kuanzia 2017 akague soketi kabla ya kuazima kifaa cha mtu: zile zina soketi ya pini 16 kama ya gari, na waya wa pini 10 hautaingia.