Kerneli inapoanguka diski ikielemewa: ninavyotafuta chanzo

Mashine ya Linux inaweza kukaa vizuri siku nzima, kisha ikaanguka pale tu chelezo inapoanza au hifadhidata kubwa inaporejeshwa. Wengi hukimbilia kununua diski mpya. Mimi sibadilishi kitu kabla ya kupata maneno ya mwisho ya kerneli (kiini cha Linux), na siyatafuti kwenye diski inayoshukiwa. Kama njia ya kuifikia ndiyo iliyokatika, `journalctl -k -b -1` itakuonyesha logi iliyoishia kabla ya tukio, safi kabisa.

Kwa hiyo logi naitoa nje kwa mtandao. Naandika `dmesg -n 8`, halafu `modprobe netconsole netconsole=@/eth0,6666@192.168.1.5/`, nikiweka jina la kadi ya mtandao na anwani ya mashine ya pili iliyo kwenye mtandao huohuo. Huko nasikiliza kwa `nc -u -l 6666`. Tumia waya, maana draiva nyingi za WiFi haziwezi kazi hii.

Kwenye seva naongeza kdump, kinachohifadhi nakala ya kumbukumbu (RAM) kerneli inapoanguka. Naweka `crashkernel=256M` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, nawasha upya, kisha naijaribu kwa `sync` na `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Amri hii inaiangusha mashine kweli, basi subiri saa ambayo hakuna anayeitumia. Nakala ya kumbukumbu naielekeza kwenye mashine nyingine kwa NFS au SSH.

Sasa naichokoza mashine kwa fio, programu ya kuilemea diski kwa makusudi, na hapa ndipo jibu hutoka mara nyingi. Kwa mashine ya RAM GB 16:

`fio --name=jaribio --filename=/data/jaribio.bin --size=32G --rw=randwrite --bs=4k --ioengine=libaio --iodepth=32 --direct=1 --time_based --runtime=1800`

Iwe faili, kamwe isiwe `/dev/sda`, la sivyo data yote inafutwa. Baadaye narudia kwa `--direct=0`. Mara ya kwanza data inapita pembeni ya kashe ya kerneli; mara ya pili inaingia kwenye RAM kwanza ndipo iende kwenye diski. Ikianguka hata kwa `--direct=1`, naangalia kebo, kidhibiti, umeme na diski yenyewe. Ikianguka kwa `--direct=0` pekee, shaka yangu inahamia kwenye RAM au mfumo wa faili. RAM mbovu hujificha kwa muda mrefu kwenye mashine isiyojaza kumbukumbu yake, na kunakili faili kubwa huigusa karibu yote.

Kwa diski za SATA, ukiona `failed command: WRITE FPDMA QUEUED` ikifuatwa na `hard resetting link`, soma ripoti ya afya ya diski kwa `smartctl -a /dev/sda` kabla na baada ya jaribio. Namba 199 kwenye ripoti hiyo ikipanda, data inaharibika njiani: badilisha kebo kwanza. Kihesabu hicho hakirudi sifuri, kwa hiyo kinachojali ni ongezeko. Namba 5 na 197 zikipanda, sekta za diski zinakufa. Nakili data leo. Zote zikitulia, nawasha kwa kigezo `libata.force=noncq`, kinachozima foleni ya amri (NCQ). Hitilafu ikipotea, diski na kidhibiti havielewani katika foleni hiyo. Kwa NVMe, ujumbe `controller is down; will reset` unanifanya nijaribu kigezo `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0`, kinachozuia diski kuingia kwenye usingizi wa kuokoa umeme.

`blocked for more than 120 seconds` si anguko. Ni onyo kwamba programu inasubiri, mara nyingi diski, na diski polepole iliyolemewa inaweza kulitoa ikiwa nzima. `echo w > /proc/sysrq-trigger` huonyesha nani amekwama na wapi.

Likiwa anguko halisi, nalinganisha mstari wa `RIP` (unaoonyesha mahali kerneli ilipokuwa ilipoanguka) wa matukio kadhaa. Kila mara mahali tofauti: zima XMP (mpangilio wa kuharakisha RAM) kwenye BIOS, acha memtest86+ usiku kucha, kisha jaribu pawa saplai nyingine. Kila mara funksheni ileile: hilo ni kosa la kerneli au draiva. Tazama neno `Tainted` kwenye logi ya anguko, na herufi zinazolifuata. Herufi O maana yake kuna moduli iliyotoka nje ya kerneli, basi iondoe na urudie. Ikiwa haipo, washa toleo la kerneli lililotangulia na uendeshe fio ileile. Likipita salama, ripoti kwa watunzaji wa draiva ukitaja matoleo yote mawili na logi nzima ya netconsole, bila kuikata.