Desemba 5, na wale ambao hatuwataji

Kila ikifika Desemba 5 sisi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, tunamkumbuka Dk. Matthew Lukwiya, daktari wa hospitali ya Lacor aliyekufa kwa Ebola. Mwaka 2000, Ebola ilipotufikia, mimi nilikuwa bado mdogo, baba mwanajeshi, tunaishi kwa kota za jeshi na ndio maana nyumbani Kiswahili kilikuwa kingi kuliko Kiacholi, na kitu nilijua kuhusu Ebola ni kwamba mama amekataza kusalimia mtu kwa mkono. Mengine yote nimekuja kuyajua nikiwa mkubwa, na mengi nimeyatoa kwa Shangazi, dada yake baba, ambaye miaka hiyo alikuwa anafua nguo huko hospitali ya Lacor.

Wadogo zetu lazima waelewe ile ilikuwa wakati gani. Vita ya Kony na waasi wake wa LRA ilikuwa bado haijaisha, watu wamejazana kwa makambi, na jioni unaona watoto wanatembea na blanketi kichwani wanaenda kulala ndani ya uwanja wa Lacor kwa sababu vijijini waasi wanakuja usiku kuwateka. Sasa katikati ya hayo yote watu wakaanza kufa kwa homa na kutoka damu, na hata wanafunzi wa unesi pale pale hospitali wakaanza kufa.

Dk. Matthew hakuwa Gulu. Alikuwa Makerere anasoma masters ya afya ya jamii, akapigiwa simu mwanzoni mwa Oktoba, akapanda akaja. Alikesha anasoma mafaili ya waliokufa na vitabu vya magonjwa ya aina hiyo, akaona hii ni Ebola, na hakungoja mtu wa juu amruhusu kusema, akapiga simu wizarani Kampala na wodi ya kutenga wagonjwa ikaanza kufanya kazi kabla majibu ya damu hayajarudi kutoka Afrika Kusini. Majibu yalipotoka katikati ya Oktoba, kazi ilikuwa imeshaanza kitambo. Mimi nikifikiria ni watu wangapi wako hai sababu ya zile siku chache, nashindwa hata kuendelea kuandika.

Lakini daktari mmoja hawezi kuendesha wodi. Kuna nesi anayeweka dripu, kuna wa kudeki damu na matapishi na jiki, wa kubeba maiti, wa kuchimba kaburi, wa kufua. Manesi wa ile wodi walijitolea, nataka hii ieleweke vizuri, waliulizwa nani yuko tayari wakasema sisi hapa, na walikuwa na watoto nyumbani kama mtu mwingine yeyote. Wahudumu zaidi ya kumi wa Lacor walikufa. Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao kufuatana mmoja baada ya mwingine, wafanyakazi waligoma, wakasema basi imetosha, na nani angewalaumu? Dk. Matthew akakaa nao kwenye ukumbi, akawaambia anayetaka kwenda aende, yeye anabaki. Wakarudi kazini. Siku chache baadaye homa ikampata yeye mwenyewe, na Desemba 5 akafariki, miaka 43. Walimzika hapo hapo hospitali kando ya kaburi la Dk. Lucille Teasdale, yule daktari aliyeikuza hospitali hiyo pamoja na mumewe, na waliomzika walikuwa wamevaa yale mavazi ya kujikinga, familia imesimama mbali.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha Februari 2001. Walioshikwa walikuwa 425, waliokufa 224.

Sasa nirudi kwa Shangazi. Kwetu Waacholi, mtu akifa, kuosha mwili ni kazi ya shangazi wa marehemu, upande wa baba. Ndio heshima yenyewe, ukikataa umetupa mtoto wa kaka yako. Na Ebola ilipita hapo hapo, kwa mikono ya mashangazi, maana mwili wa aliyekufa ndio una virusi vingi kabisa. Mwezi huo wa Novemba binamu yetu mmoja alikufa kijijini na ukoo ukamtumia Shangazi ujumbe aje amuoshe. Alienda. Alifika akasimama mbali akawaambia mimi siwezi kumgusa na hakuna mtu atamgusa, tungojeni watu wa kuzika. Walimtukana siku nzima, kwamba kazi ya hospitali imemharibu, kwamba anaogopa damu yake mwenyewe, na yeye hakutoka mlangoni mpaka lile gari lilipofika jioni. Kuna wajomba hawakumsemesha kwa miaka. Katika ile nyumba hakuna mwingine aliyeugua.

Mimi nasema hapo alimheshimu yule marehemu kuliko maji yoyote ya kumuosha, lakini yeye mpaka leo hapendi kuiongelea, nikimuuliza ananiambia nilete kuni.

Mwaka 2022 Ebola ya aina ile ile ya mwaka 2000, inayoitwa aina ya Sudan, ilipotokea Mubende ikaua watu 55, wahudumu wa afya 7 ndani yake, na tena Januari 2025 ikaanza na nesi aliyefia hospitali ya Mulago, Kampala, niliona serikali imetangaza haraka, timu za mazishi ziko tayari, na safari hii ya 2025 majaribio ya chanjo yakaanza baada ya siku chache tu. Watu wakasifu. Hata mimi nilisifu, lakini nilikuwa nawaza haya yote tumejifunzia wapi, na nani alilipa ada.

Mwaka huu nilimuuliza Shangazi kama angependa niandike kumhusu yeye. Akasema usiweke jina langu, mimi niko hai. Halafu akaanza kunitajia wale wa wodi, mmoja mmoja, nesi huyu alikuwa anaimba sana kwaya, huyu alikuwa karibu kufunga ndoa, huyu mfagiaji alikuwa anamgawia Shangazi posho yake, yaani ugali, kila mchana maana mshahara ulikuwa umechelewa. Majina yao nimeyaandika yote kwenye daftari. Hapa siyaweki kwa sababu familia zao sijaziomba ruhusa, ila nimeanza kuzitafuta, mbili nimeshazipata, na ninachotaka Desemba ijayo, misa ikifika pale pa kumtaja daktari, mtu asimame asome na haya majina mengine, pamoja na ya waliofua na waliofagia.

Kama mzazi wako alifanya kazi Lacor mwaka ule, muulize sasa, akiwa bado anakumbuka.