Jumamosi yangu kwenye ukumbi wa michezo ya watoto

Saa 12:00 asubuhi
Jumamosi kwangu hakuna kulala. Nadandia daladala Mbagala mapema kabla foleni haijashika, maana ukumbi uko upande wa pili wa jiji, ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka, na leo zamu ni yangu kusimamia.

Saa 1:30
Naanza na trampolini. Navua viatu, napiga magoti, napitisha mkono chini ya magodoro yanayofunika springi, moja baada ya nyingine. Macho hayatoshi kwa kazi hii. Springi iliyoachia ndoano unaijua kwa vidole. Leo nimekuta moja kona ya ukutani, nimeizungushia trampolini hiyo utepe mwekundu na kumpigia fundi. Haifunguliwi mpaka nimeiruka mwenyewe.

Wengi hudhani kumbi za ndani za trampolini kama wetu ni za miaka mingi. Sky Zone, kampuni iliyofungua njia, ilianza Las Vegas, Marekani, mwaka 2004 tu. Mwanzilishi wake, Rick Platt, alikuwa amejenga uwanja kwa ajili ya mchezo mpya wa timu za kulipwa. Mchezo ule haukushika, lakini vijana wa jirani wakawa wanabisha hodi kuomba waruke. Huwa naipenda habari hii, kwa kuwa walioanzisha biashara yetu ni watoto wenyewe waliotaka kuruka.

Wenzangu wako kwenye bwawa la mipira. Kila asubuhi wanatoa fungu moja, wanaosha kwa sabuni na dawa, wanasuuza, wanaanika. Chini leo tumepata hereni, sarafu mbili, kipande cha chapati, na jino la mtoto lililofungwa vizuri kwenye tishu. Jino nimeliweka mezani mapokezi. Najua mwenyewe atakuja kuliulizia.

Saa 3:00
Saa ya utulivu. Muziki tunazima, taa tunapunguza, na hawaingii watoto zaidi ya 10. Ni saa ya watoto wenye usonji na wengine ambao kelele zinawaumiza. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila ukumbi nchini ukianzishe, ni hiki, kwani gharama yake ni kuzima redio tu.

Kuna mtoto wa miaka 6 ambaye Jumamosi nne mfululizo amekuja akasimama kwenye wavu, kaukamata kwa mikono miwili, anatazama wenzake. Soksi zetu zenye vipele vya mpira zinamkera, kwa hiyo tunamwacha pekupeku. Leo ameachia wavu. Amekwenda kwenye ngazi ya kamba, akapanda kidato cha kwanza, cha pili, akashuka. Akasema, "Tena." Mama yake hakutia neno, alinishika mkono akaubana.

Saa 4:00 mpaka saa 8:00
Hapa hakuna kukaa. Zamani nusu ya ukumbi ilikuwa mashine za kubonyeza, mtoto ameketi kwenye kiti mbele ya skrini, sarafu zinaingia. Bosi ameziondoa karibu zote. Mahali pake kuna ukuta wa kupanda, mitelezo, na projekta inayomulika samaki sakafuni: mtoto akikanyaga, samaki wanakimbia, naye anawafukuza mpaka jasho linamtoka. Mwelekeo wa kumbi nyingi sasa ni huo, mwili ufanye kazi, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 ashughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, mpaka apumue kwa nguvu. Wangapi wanazipata ndani ya nyumba ya vyumba viwili na geti lililofungwa?

Baba mmoja kaingia trampolini moja na binti yake. Nimekwenda mbio.
"Shikamoo mzee. Samahani, hapa ni mmoja mmoja."
"Marhaba. Si nipo naye mwenyewe?"
Nikamweleza: mzito akitua, nguvu yake inampanda mwepesi, mtoto anarushwa juu kuliko alivyokusudia na anashuka vibaya. Kaelewa, akahamia trampolini ya pili. Wakaruka kwa kupokezana, wanacheka.

Saa 10:00
Umeme umekatika. Jenereta huchukua muda kidogo kuwaka, na jumba la upepo haliwezi kungoja. Feni ikizimika, linaanza kulegea juu ya watoto. Ndiyo maana mtu wetu hasogei mlangoni pake hata kwa dakika moja. Wametolewa wote, wanane, kabla paa halijainama. Nimewahesabu mara mbili.

Saa 11:00
Bibi kaja na wajukuu watatu. Kwa desturi yetu mpya mtu mzima mmoja anaingia bure, ili wazazi wasibaki pembeni na simu. Kavaa soksi, kakaza khanga kiunoni, kateleza nao mpaka chini. Wajukuu wakamfuata kila alikokwenda.

Kinachoniuma ni bei. Uwanja ambao mimi nilichezea rede na kombolela mtaani kwetu sasa una fremu za maduka, na watoto wa pale hawawezi kulipa kiingilio chetu. Nimemwomba bosi Jumatano asubuhi, ambapo ukumbi ni mtupu, tuwape shule za msingi za serikali. Hajanijibu. Jumatatu namfuata tena ofisini.

Saa 2:30 usiku
Mlango umefungwa. Naandika kwenye daftari la zamu: springi moja imebadilishwa, nimeiruka, iko sawa. Jumba la upepo likaguliwe mishono. Jino limechukuliwa na mwenyewe. Na kwa atakayeshika saa ya utulivu Jumamosi ijayo: yule kijana wa kwenye wavu amepanda vidato viwili, asisaidiwe mpaka aombe.