Kompyuta ya mitumba inavyonitunzia video za matanga

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga, hapa Kisumu na vijiji vya jirani. Watu wa harusi huchukua nakala yao na habari inaishia hapo. Matanga ni mambo mengine. Miaka inapita, kisha mtoto wa marehemu anapiga simu kutoka Nairobi: "Ndugu yangu, ile video ya mzee bado unayo?" Diski za kubebeka zilizojaa droo hazikunipa jibu la haraka.

Vifaa maalumu vya kuhifadhia faili vina bei ya kukatisha tamaa, tena bila diski ndani. Nikanunua kompyuta ya ofisi ya mitumba, ile kubwa kidogo yenye nafasi ya diski mbili, ikiwa na Windows 11 Pro. Prosesa nilitaka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Za nyuma karibu zote Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 muda wake wa kuhudumiwa uliisha Oktoba 14, 2025. Toleo la Pro linakuwezesha kuiendesha mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo yangu imekaa chini ya meza bila skrini wala kibodi.

Kushiriki folda zake na kompyuta nyingine za nyumbani ni rahisi. Shida iko kwenye kuingia. PIN unayofungulia Windows haifanyi kazi kupitia mtandao, na ndipo wengi hukwama wakidhani kompyuta imeharibika. Dawa ni kufungua akaunti za hapohapo kwenye mashine, kila moja na nenosiri lake, na kuhakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa binafsi, si wa umma. Mke wangu nilimpa ruhusa ya kuandika kwenye picha za familia, lakini folda za kazi ni kusoma tu.

"Baba Akinyi, yaani mimi siwezi kufuta kitu?"

"Ndiyo maana yenyewe, Mama Akinyi."

Kasi nayo inategemea waya. Rauta yenye milango ya megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo video za gigabaiti 50 zitachukua zaidi ya saa nzima. Swichi ndogo ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao chenye kasi mara kumi ya hiyo, na kebo nzuri huimaliza kazi hiyo kwa dakika nane hivi, mradi kompyuta zote mbili zina mlango wa gigabiti.

Halafu kuna stima. Huku kwetu mvua ya jioni huja na radi, na taa zikizimika kompyuta ya kawaida hubaki imezima hata stima ikirudi. Ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, kuna mpangilio wa kuiambia ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Nauona ni muhimu kuliko ukubwa wa diski. Nilizuia pia mashine isilale, na UPS ndogo, betri ya dharura, inaipa muda wa kuzima salama. Mashine inayokula wati 30 usiku na mchana humaliza karibu yuniti 22 za tokeni kwa mwezi.

Diski mbili sikuziunganisha ziwe kioo, yaani kila kinachofanyika kwenye moja kifanyike kwenye nyingine sekunde hiyohiyo. Kioo hukukinga diski ikifa, ila ukifuta faili, inafutika pande zote papo hapo. Badala yake Robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, hunakili kila usiku kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili. Katika amri yake natumia /E, inayonakili folda zote bila kufuta kitu, si /MIR, kwa kuwa /MIR hufuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo tena kwenye chanzo. Nakala nyingine iko kwa kaka yangu Kakamega, maana mwizi hachagui diski.

Mlango wa 445, namba ya mtandao inayopitisha folda zilizoshirikiwa, siufungui kwenye rauta kwa yeyote aliye nje. WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilisambaa kupitia huduma hiyohiyo ya kushiriki faili. Nikiwa kazini Busia na nahitaji faili, nampigia Mama Akinyi. Kusoma anaruhusiwa, na kunitumia anajua.