Draiva ya GT 630 yangu

Siku mbili nzima kompyuta yangu ilikuwa inaonyesha picha ya 1024 kwa 768, maandishi makubwa yamevimba, video zikikatakata. Kadi ya picha ni GeForce GT 630 ya NVIDIA. Nilipakua draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ya tawi la 470 (matoleo yanayoanza na namba hiyo), nikaifungua, ikakataa: haioni kifaa kinachoendana nayo. Nikarudia mara tatu.

Kumbe jina GT 630 lilibandikwa kwenye chipu za vizazi viwili, Fermi na Kepler. Kati ya hivyo viwili, tawi la 470 linaijua Kepler tu, ambayo ndiyo mpya zaidi. Basi ukiwa na kadi ya zamani, usiliamini jina lililoandikwa kwenye boksi! Fungua orodha ya vifaa (Device Manager) ndani ya Windows, bofya kadi kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, kisha kwenye maelezo utafute namba ya utambulisho. Yangu ilisomeka VEN_10DE&DEV_0F00. Hiyo 10DE ni NVIDIA, na 0F00 ni Fermi.

Kwa Fermi nilihitaji toleo 391.35 la mwaka 2018. Kwanza niliwasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), nikafuta mabaki yote ya draiva kwa programu ya Display Driver Uninstaller, intaneti nikiwa nimeichomoa ili Windows isiniwahi kuweka draiva yake. Halafu nikasakinisha. Skrini ikawa nyeusi sekunde chache, moyo ukanidunda, ikarudi 1920 kwa 1080, herufi zimenyooka kabisa.

Faili lile la usakinishaji nimelihifadhi kwenye flashi.