Studio ya ngoma Mbagala: sakafu hatimaye imekaa

Haya jamani, mliokuwa mnauliza mradi umefikia wapi, sakafu imeisha, leo watoto wameruka ngoma ya bugobogobo mpaka jasho likachuruzika na hamna hata mmoja aliyekaa pembeni ameshika ugoko.

Kwa wageni, mi nafundisha dansi, tulianzia chini ya mwembe na subufa ya kuazima, baadae tukapata fremu mbili zimebomolewa ukuta wa katikati, na mwenye nyumba si mnawajua wa Dar, kodi ya miezi sita mkupuo, hela ikaishia hapo hapo tukahamia kwenye simenti tupu. Simenti inaua aisee. Ngoma zetu ni za kukanyaga, sindimba umekunja goti muda wote kiuno ndo kinapiga kazi, bugobogobo unaruka na jembe mkononi, sasa ukitua pale mshindo wote unarudi kwenye goti. Na msiniambie taizi, mtu akitoka jasho ni kuteleza tu.

Kwahiyo tumefanya hivi: mbao za mbili kwa mbili zimelazwa chini, kila mbao imekalia vipande vya tairi, vile vile vya makatambuga, ndo vinavyofanya sakafu inese. Juu plaiwudi tabaka mbili zimepishanishwa ili maungio yasiangukie sehemu moja. Ukutani tumeacha upenyo wa kidole kuzunguka chumba chote, masika mbao zinavimba na zikikosa pa kwenda zinainuka katikati. Mbao zote zilipakwa oili chafu kwanza, mchwa wa huku hawana utani, sema harufu ilikaa hiyo, madirisha wazi usiku na mchana. Fundi aling'ang'ania apige vanishi ing'ae kama meza ya sebuleni, nikamwambia fundi wangu, hapa watu wanacheza peku, weka ile isiyong'aa.

Upande wa darasa, watoto wanafata singeli na amapiano, sijidanganyi. Amapiano haina shida, iko kwenye mapigo 110 hivi kwa dakika, mtu anapata muda wa kufikiri. Singeli inapita 200 huko, mtoto ambaye hajajua kulegeza mabega anakakamaa mapema tu. Dawa yangu ni mdundiko. Singeli imetoka kwenye mchiriku, ule muziki wa vinanda wa uswahilini, na mchiriku una damu ya ngoma za Wazaramo wa huku huku kwetu, afu mdundiko ni ngoma ya kutembea nayo mtaani, kwahiyo mtoto anaanza na mguu, taratibu, kiuno kinafata chenyewe, siku ukiwasha singeli anakuta mwili ushajua pa kukanyaga, hakimbizani na kila kipigo.

Mpigaji wetu ni babu mmoja wa Kizaramo, watoto wakimwambia shikamoo babu anaitika marahaba mikono ishaanza kazi. Hapigi ngoma baridi. Mvua ikinyesha ngozi zinalegea, inabidi tuwashe moto wa makaratasi nje tuzikaushe mpaka zilie vizuri, majirani mwanzoni walidhani tunachoma taka.

Ugumu mkubwa haukuwa hela kwa kweli, ni wazazi. Ukisema dansi mtu anawaza vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, na mi siwalaumu, nani atakubali binti yake aende kukata viuno kwa mtu asiyemjua. Sikubishana na mtu, nikaacha milango wazi muda wote wa darasa, benchi nje, anayetaka akae aangalie, na kabla ya adhana ya magharibi spika ishazimwa. Sasa benchi limejaa kina mama, na juzi mmoja kaniita pembeni, ticha, na sisi wenye migongo ya kuuma hamtuchukui?

Tunawachukua. Jumamosi saa kumi jioni, buku tu ya kuchangia LUKU, njoo na kanga ya kufunga kiunoni, na viatu vinaishia mlangoni maana hela ya hiyo plaiwudi bado nadaiwa.