Umeme wa Simu ya Mezani

Umeme ukikatika na simu ya mkononi ikabaki na chaji asilimia mbili, ndipo wengi huikumbuka simu ya mezani. Mimi naipenda na ninaona inastahili kubaki nyumbani, ila kwa sharti moja: mwenye nyumba ajue inapata wapi umeme wake.

Laini ya shaba, yaani ule waya wa simu wa zamani, hupewa umeme na kituo cha simu chenyewe, volti 48 hivi, na kituo kina betri zake. Ndiyo maana chombo cha kawaida chenye waya huendelea kuongea gizani. Simu ya mezani isiyo na waya haiwezi, kwa sababu kitako chake kinategemea umeme wa nyumbani. Hata kama unazipenda hizo, acha chombo kimoja chenye waya kimechomekwa muda wote.

Laini ikishahamia kwenye faiba, mambo hubadilika. Simu huchomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, na ruta ikizimika simu nayo imezimika. Hapo nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na ufanye hesabu: betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Ruta na kisanduku cha faiba vikila wati 15 kwa pamoja, karatasi itakuambia saa tano na nusu. Kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani, tegemea tatu au nne. Betri yenyewe huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. Na ile simu ya kuzungusha namba kwa kidole? Ruta nyingi haziitambui: itapokea, lakini haitapiga. Kwenye simu ya vitufe yenye swichi ya P (kupiga kwa mapigo) na T (kupiga kwa milio), weka T.

Sasa mikwaruzo ya sauti, ugonjwa mkubwa wa laini za shaba. Chomoa kila kitu, kisha chomeka chombo kimoja chenye waya kwenye soketi ya kwanza, pale laini inapoingilia. Mikwaruzo ikiendelea, tatizo linaweza kuwa nje. Jaribu chombo kingine kabla ya kumwita fundi wa kampuni. Ikizidi baada ya mvua, kuna unyevu kwenye kiungo fulani, na shaba pengine imeota kutu ya kijani. Mikwaruzo ikikoma kwenye soketi hiyo ya kwanza, tatizo liko ndani, na mara nyingi ni ule waya wa kujikunja wa mkonga, kile kipande unachoshika sikioni. Uchezeshe karibu na plagi huku umesikiliza. Sauti ikikatika na kurudi, badilisha waya. Angalia tu usiuchanganye na waya wa ukutani: plagi ya mkonga ni nyembamba kidogo.

Kama intaneti inapita kwenye laini hiyohiyo ya shaba, kila simu inahitaji kichujio chake, kifaa kidogo cha kuzuia mawimbi ya intaneti yasiingie kwenye simu, la sivyo utasikia mvumo. Simu zikizidi nne au tano kwenye laini moja, kengele hudhoofika. Na mkonga mmoja uliowekwa vibaya chumbani hufanya nyumba nzima ionekane iko bize.

Usishike nyaya zilizo wazi: simu inapolia hupita volti zinazokaribia 90. Wakati wa radi usiongee kwa simu ya waya.

Mara moja kwa mwezi, zima swichi kuu ya umeme, inua mkonga, usikilize mlio, kisha piga namba moja kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya simu.